Papa Bertin na Taya Namba 61

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, saa sita mchana, Papa Bertin Wilondja atakabidhi funguo za kabati la mataya. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitano ya kazi katika Kituo cha Mifupa ya Kale hapa mjini Baraka. Ni mtu wa pili kuajiriwa na Kituo hiki na wa kwanza kustaafu, maana wengine wa zamani walihama, walifariki, au walivuka ziwa wakati wa vita na hawakurudi. Kamati imeniomba mimi, Renilde Kezimana, niliyefanya kazi chini yake kwa miaka sita, niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe. Niliambiwa ukurasa mmoja unatosha. Nilijaribu, nikashindwa.

Papa Bertin alizaliwa Swima mwaka 1960, katika ukoo wa wavuvi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvua hata siku moja, kwa sababu akipanda mtumbwi huanza kutapika kabla kasia halijaingia majini. Kaka zake walimcheka, baba yake akakata tamaa, na akiwa kijana akaletwa Baraka kujifunza kuchinja na kukata nyama sokoni. Kazi hiyo aliipenda. Wateja wake wa wakati ule wanasema alikuwa akimkata mbuzi bila kuvunja mfupa hata mmoja, akifuata viungo tu, na kwamba walichelewa kurudi nyumbani kwa sababu ya kumtazama.

Mwaka 1989 Padri Norbert, mwalimu wa biolojia, alikuwa ameanza kukusanya mifupa iliyogeuka jiwe, ile ambayo mvua kubwa huifumua kwenye makorongo ya udongo mweupe upande wa milimani. Alikuwa na chumba kimoja, meza mbili na karani mmoja. Asubuhi moja Bertin alipeleka nyama jikoni kwa mapadri, akapita mbele ya mlango uliokuwa wazi, akaona mezani nusu mbili za taya la chini la mbuzi zimefungwa kwa kamba kama taya moja. Akasimama pale pale na kapu lake kichwani. "Padri," alisema, "hii iko ya kuume, ile iko ya kushoto, lakini haziko za mbuzi moja." Padri alizifungua, akazipima, akazitenga. Jumatatu iliyofuata Bertin alianza kazi. Karani aliyezifunga hakumsemesha mwezi mzima.

Kwa wale watakaokuja Ijumaa kwa ajili ya chakula tu, na najua ni wengi, inafaa nieleze kazi yenyewe. Mnyama aliyetoweka duniani mara nyingi hutuachia taya lake la chini, kwa sababu ni mfupa mgumu na meno ni magumu zaidi. Ukilisoma vizuri, taya hilo litakuambia alikuwa nani na alikula nini. Watu wote hukimbilia meno. Papa Bertin huanzia nyuma, kwenye bawaba, pale taya linaposhikana na fuvu. Kwa mla majani bawaba iko juu sana kuliko mstari wa meno; kwa mla nyama iko sawa na meno, kama ya mkasi. Mbele ya bawaba kuna pembe ya mfupa inayoshikwa na msuli wa kutafuna, na wanafunzi wote waliopita hapa wameamriwa kuweka vidole kwenye panja, kando ya macho, na kutafuna hewa mpaka wausikie msuli huo ukicheza. Kisha huja upande wa kidevu, kutafuta kitundu kinachopitisha mshipa wa fahamu. Meno huyaangalia mwisho. Yeye husema meno yanapenda kusifiwa.

Lakini huwezi kulitambua taya la mnyama aliyetoweka kama huna taya la mnyama wa leo la kulinganisha nalo. Hapo ndipo Papa Bertin alipouingiza mji mzima kazini. Tangu miaka ile, katika mtaa wetu, arusi ikifanyika au Noeli ikifika, taya la mbuzi halitupwi. Linafungwa kwenye jani la mgomba na kuwekwa pembeni, na bamama wa jikoni wanajua ni fungu la nani. Kutoka Minembwe huletewa mataya ya ng'ombe kwenye pikipiki. Kutoka ziwani huja vichwa vya samaki: mukeke, kuhe na sangala. Vyote hivyo vilichemshwa na mke wake, Mama Godelieve, katika sufuria moja kubwa nyeusi, mpaka nyama ikaachia mfupa. "Mi niliolewa na muntu, sikuolewa na mifupa," amekuwa akisema Mama Godelieve kwa miaka thelathini, huku akiongeza kuni. Mwaka fulani mgeni wa heshima alipikiwa maharage katika sufuria hiyo kwa bahati mbaya. Akayasifu, akaomba tena, na nyumba nzima haikuthubutu kumwambia.

Vita vilipofika mwaka 1996, alifunga mifupa yote, ya kale na ya leo, katika magunia na kuizika kwenye shamba la muhogo nyuma ya Kituo. Daftari la Kituo alilifunga tumboni kwa kitenge cha mkewe, akavuka nalo ziwa hadi Kigoma akitapika njia nzima. Aliporudi mwaka 2002 alikuta shimo limefukuliwa na kufukiwa tena, na juu yake msalaba wa mbao. Wachimba dhahabu walikuwa wameona udongo uliotifuliwa, wakachimba, wakakutana na meno. Walifunika haraka, wakasali, wakaenda zao. Vilipotea vipande vitatu tu.

Kuna jambo moja ambalo mimi sikuliona, nimesimuliwa na wengi. Mwaka 2011 vijana waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba hapa mjini waliibua taya la zamani. Mama mmoja wa jirani, ambaye kaka yake hakuonekana tena tangu vita, aliangua kilio, na watu wakaanza kukusanyika kama msibani. Papa Bertin aliitwa. Mfupa ulikuwa mrefu, hauna kidevu, na ubavuni una tundu la jino refu la nguruwe. Mchinjaji yeyote angeutambua akiwa barabarani. Yeye alikaa chini, akaupangusa, akaugeuza huku na huku kwa robo saa nzima. Alipomwambia yule mama kwamba ni nguruwe, mama alimwomba aangalie tena. Akaangalia tena. Baadaye aliulizwa kwa nini alipoteza muda, akasema yule mama alikuwa amengoja miaka mingi, isingekuwa heshima kumjibu kwa sekunde moja.

Mimi nilifika Kituoni mwaka 2018, kutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda, kufagia. Kwetu Rumonge, nchi ya jirani, tulifuga nguruwe na kulima michikichi. Siku ya tatu Papa Bertin alikuta nimepangusa rafu nzima na kurudisha kila taya mahali pake, kushoto kushoto na kulia kulia. Hakunisifu, hana tabia hiyo. Alinipa kalamu, akaniambia nichore lile la mwisho. Tangu siku hiyo ufagio ulipata mtu mwingine.

Sasa naja kwenye taya namba 61, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu Papa Bertin mwenyewe ameagiza nisiruke kitu.

Taya hilo alilikuta yeye, mwaka 2004, korongoni baada ya mvua. Ni kipande cha mbele cha upande mmoja, urefu wake hauzidi mkono wa mtu kutoka kifundo hadi ncha ya vidole. Lina matundu ya meno, ya mviringo, yenye kina, na tundu moja la mbele ni kubwa kuliko mengine, mahali ambapo mbwa ana chonge. Padri Norbert alikuwa ameshafariki. Papa Bertin alibaki na alichofundishwa: meno yaliyozama katika matundu ya kina kama hayo ni ya mamba, au ni ya mamalia, yaani wanyama wanaonyonyesha. Taya la mamba limeundwa kwa mifupa kadhaa iliyounganishwa. La mamalia ni mfupa mmoja tu kila upande. Hiki kipande kilikuwa mfupa mmoja, hakina kiungo popote, na kilikuwa na chonge. Akaandika katika daftari: "Mamalia mla nyama, hajulikani." Mwishoni akaweka alama ndogo ya kuuliza, kwa sababu meno ya pembeni ya mamalia mara nyingi yana mizizi miwili au zaidi, na matundu haya yalikuwa ya mzizi mmoja mmoja. Alama hiyo watu wote waliisahau.

Picha zilipelekwa kwa mtaalamu wa mbali, picha za upande wa nje. Mtaalamu aliandika ripoti yenye kurasa nyingi, na katika aya moja alisema huenda ni mnyama mpya, akamshukuru "Bwana Bertin Wilondja, aliyelitambua." Ni mahali pekee duniani ambapo jina la Papa Bertin limechapwa. Hana diploma. Ripoti hiyo ameihifadhi ndani ya Biblia. Mji nao ukafurahi: ukutani kwetu akachorwa Mnyama wa Bertin, mwenye madoa na mkia wa fisi, ambaye hakuna mtu aliyewahi kuuona mfupa wa mkia wake. Wanafunzi wakaanza kuja kumtazama. Na kwa ajili ya sherehe hii, Kamati iliagiza Uvira kibao cha shaba chenye jina la mnyama na jina la Papa Bertin, kitundikwe mlangoni.

Kosa lilianzia jikoni. Mwaka 1993 wanakijiji wa Swima walimuua mamba na kumletea Bertin kichwa. Siku hiyo yeye alikuwa Minembwe. Mama Godelieve na majirani wakakichemsha kichwa katika nusu pipa, kama kawaida, mpaka kikaachia. Kila kilichoachia kikaenda na maji kwenye migomba. Bertin aliporudi akakuta mifupa miwili mirefu yenye meno, misafi, imepangwa vizuri kwenye jani. Nyuma ilikuwa imekatika. Akadhani ni shoka la wavuvi. Upande wa ndani ulikuwa na sehemu iliyokwaruzika, pana, kutoka karibu na kidevu kwenda nyuma. Akadhani ni visu vya bamama wakikwangua nyama. Aliandika hivyo daftarini: "Alama za kisu cha jikoni." Akawashukuru sana. Huyo ndiye mamba pekee tuliyekuwa naye kabatini kwa miaka thelathini. Alipoona mkwaruzo kama huo ndani ya namba 61, hakuujali. Alidhani ni mchanga wa mto. Macho yake yalikuwa yameshazoea kuupita.

Mei mwaka jana wavuvi wa Kazimia walituletea mamba aliyezama katika nyavu zao. Mama Godelieve alikuwa mgonjwa, sufuria haikuwa na mtu. Mimi nikaomba nikizike kichwa mchangani, nikiache kwa wadudu. Kambini tulijifunza kufanya mambo mengi bila kuni. Papa Bertin alikubali, ingawa alisema hiyo ni kazi ya mtu mvivu. Novemba nilikifukua. Kila mfupa ulikuwa mahali pake, kwa mara ya kwanza katika historia ya kabati letu: nyuma ile mifupa midogo inayobeba bawaba, na upande wa ndani bamba jembamba lililolala juu ya mfupa wa meno kama mfuniko. Nililiinua kwa ncha ya kisu. Chini yake kulikuwa na ule mkwaruzo. Haukuwa wa kisu wala wa mchanga. Ni kitanda cha mfupa mwingine, ule uliomwagwa na maji mwaka 1993. Na jino la nne la mamba huyo lilikuwa kubwa kama chonge.

Nilikwenda kwenye droo, nikalitoa namba 61, nikaligeuza: kitanda kile kile. Kisha nikalirudisha na kufunga.

Nilinyamaza tangu Novemba mpaka Aprili. Sitaki kujipamba katika karatasi ya mtu mwingine, nitasema tu kwamba niliogopa. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye ufagio, na kibao kilikuwa kimeshaagizwa. Nilimwona akipita mbele ya ule ukuta asubuhi, akiguna kidogo kwa furaha, nikasema moyoni, mimi ni nani nimwondolee mzee huyu kitu chake kimoja. Nilijiambia kwamba ni upendo. Upendo ulikuwepo, lakini na woga ulikuwepo, na sikuweza kuvitenganisha.

Mwisho sikuweza tena kumtazama usoni. Asubuhi moja ya Aprili niliweka mezani kwake taya la mamba wa Kazimia, bamba lake limetolewa na kulazwa pembeni, na karibu yake namba 61, upande wa ndani juu. Papa Bertin alivaa miwani. Alikaa hapo mpaka saa nane, chai yake ikapoa na kuingia nzi. Alilinganisha kitanda kwa kitanda, akahesabu matundu, akapitisha ukucha kwenye ukingo. Kisha akaniita.

"Renilde, we uliona tangu wakati gani?"

Nikamwambia tangu Novemba.

"Basi umeniiba miezi tano," alisema. "Mi niko na miezi kidogo tu hapa, na we umechukua tano."

Nililia. Yeye hakulia. Alisema mamba huyo wa kale ana pua fupi na taya nene kuliko yeyote aliyemwona, kwamba labda naye hajulikani, na kwamba ile alama ya kuuliza ilikuwa imemsumbua miaka ishirini na sasa atalala. Lakini jioni, alipokuwa akifunga mlango, nilimwona amesimama mbele ya ukuta, mbele ya yule fisi wake wa madoa, muda mrefu kidogo, na mkono wake uko juu ya mchoro. Siwezi kuandika kwamba hakuumia. Aliumia sana.

Mkurugenzi wetu, Papa Albert, ni mtu mwema, na mwezi Mei aliiambia Kamati kile ambacho wengi wetu tulikuwa tukikitamani: tungoje. Sherehe ipite, kibao kitundikwe, mzee afurahi na watoto wake, kisha mwezi wa Septemba tusahihishe polepole. Mikono karibu yote ikainuka. Papa Bertin aliomba kusema. "Batoto ba masomo banakuja hapa banasoma," alisema. "Mi sitaki basome uongo na jina yangu juu yake. Mi nilikosea kwa haki, nilikosea nikiwa natafuta. Tukingoja Septemba, haitakuwa tena kukosea." Akakaa. Mikono ikashuka.

Kwa hiyo wageni watakaofika Ijumaa hawatakiona kibao. Ukuta umepakwa chokaa na Papa Bertin mwenyewe, na atakayeuliza ataelezwa kwa nini. Barua imeshaandikwa kwa yule mtaalamu, na safari hii imeambatishwa picha za pande zote mbili.

Limebaki lile daftari la Kituo. Daftari hilo lina mistari 141, na mwisho wa kila mstari kuna nafasi ya jina la aliyetambua. Nafasi hizo tangu mwaka 1989 zina herufi za watu wawili tu: za Padri Norbert katika kurasa za mwanzo, na B.W. katika nyingine zote. Siku moja baada ya kikao Papa Bertin alilifungua kwenye mstari wa 61. Akapitisha kalamu juu ya maneno yake mara moja tu, kwa mstari mwembamba, ili anayetaka kuyasoma ayasome. Chini yake akaandika: "Mamba wa kale, pua fupi. Kosa langu la 2004." Kisha, kwenye nafasi ya jina, akaandika polepole, herufi zote: Renilde Kezimana. Nilimwomba aweke na lake. Alikataa, akasema yeye alilikuta, hakulitambua, na haya ni mambo mawili.

Tangu nivuke mpaka wa nchi, mwaka 2015, jina langu limeandikwa mara nyingi. Limeandikwa kwenye orodha ya mahema, ya mablanketi, ya unga, ya chanjo, mara nyingine kwa makosa, na kila mara kwa sababu ya kitu nilichokosa. Pale liliandikwa kwa sababu ya kitu nilichokiona.

Papa Bertin, wafanyakazi wote wa Kituo wanakushukuru kwa miaka hii thelathini na mitano, kwa mikono yako, kwa uvumilivu wako na kwa ukali wako. Tunakuombea wewe na Mama Godelieve afya, usingizi wa kutosha, na siku nyingi za kukaa nchi kavu. Mimi naongeza ombi langu. Siku nitakapokosea, na nitakosea, usininyamazie miezi mitano. Njoo siku hiyo hiyo, uchukue kalamu, unipitishie mstari mmoja mwembamba.